Kiuyu Bila Mikarafuu

Mikarafuu humwacha msafiri kabla hajafika Kiuyu. Kutoka Chake Chake hadi Wete, na kutoka Wete kupanda Konde, iko kila upande: migongoni mwa vilima, mabondeni, nyuma ya nyumba, na wakati wa msimu harufu yake hufika barabarani kutoka kwenye majamvi yaliyoanikwa. Ukiipa Konde mgongo ukashika njia ya Micheweni, ardhi inaanza kutandazika, udongo unapungua, jiwe la matumbawe linachomoza, na miti mirefu inaachia nafasi vichaka, minazi ya hapa na pale na vikonde vya muhogo na mtama vilivyozungushiwa mawe. Hii ndiyo ardhi ya maweni. Mkarafuu unataka udongo wenye kina unaoshika maji, na udongo huo uko magharibi na katikati ya Pemba. Kwenye rasi hii ya kaskazini-mashariki, kuanzia Kiuyu Mbuyuni mpaka Maziwang'ombe na msitu wa Ras Kiuyu, mzizi hukutana na jiwe mapema mno. Mti unaoitambulisha Zanzibar duniani kote hapa haumei.

Kwa sababu hiyo naona hakuna mahali panapofaa zaidi pa kuzitafakari alama za nchi hii. Ukiwa Mtambile au Mkoani, karafuu inaonekana kuwa ndiyo Zanzibar yenyewe, na hakuna la kuuliza. Ukiwa Kiuyu, swali linajileta: alama ya nchi inamchora nani, na inamwacha nani? Hoja yangu ni kwamba alama hizi hazikuchaguliwa kwa kuangalia nchi ilivyo, bali kwa kuangalia kile ambacho dola iliweza kukipima kwenye mzani wa forodha, kukitoza ushuru na kukiuza nje. Wala jambo haliishii kwenye picha. Zao lililoingia kwenye nembo limepata pia sheria, ofisi na bei, na lile lililobaki nje limeachwa lijitafutie. Wakulima wa mwani wa Kiuyu wako katika kundi la pili, na hali hiyo inaweza kurekebishwa bila kubadili hata uzi mmoja wa bendera.

Tuanze na picha zenyewe, kwa sababu historia yake ni ya kushangaza. Tarehe 10 Disemba 1963 Zanzibar ilipopata uhuru kutoka kwa Uingereza chini ya Sultan Jamshid bin Abdullah, bendera nyekundu ya kisultani iliongezwa duara la kijani katikati, na ndani ya duara karafuu mbili za rangi ya dhahabu. Bendera hiyo ilidumu kwa mwezi mmoja na siku chache. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa, na kabla mwezi haujakwisha Zanzibar ilikuwa na bendera ya buluu, nyeusi na kijani: bahari, watu na ardhi. Rangi hizo ziliingia katika bendera ya Muungano mwaka huohuo, na Januari 2005 Zanzibar ikapandisha tena bendera yake yenyewe, rangi zilezile tatu na bendera ya Muungano pembeni juu. Karafuu haimo. Lakini haikutoweka. Ilihamia kwenye Nembo ya Taifa ya Tanzania, miguuni pa mwanamume aliyesimama upande mmoja wa ngao, kama pamba ilivyo miguuni pa mwanamke wa upande wa pili.

Ngao hiyo inastahili kuangaliwa polepole. Ndani yake mna mwenge, bendera, mkuki, jembe na shoka vilivyopishana, na chini kabisa mawimbi ya maji. Ardhi, kwa hiyo, imechorwa pamoja na kazi yake: zana za mkulima zimo, na mazao mawili ya biashara yamo. Bahari imechorwa kama maji tu. Hamna wavu, hamna dema, hamna ngalawa, hamna kamba ya mwani. Simlaumu mchoraji. Mwaka 1964 mwani ulikuwa haujaanza kulimwa hapa, na samaki waliovuliwa Kiuyu au Kojani waliliwa Pemba na Mombasa bila kuacha alama kubwa katika hesabu za hazina. Mchoraji alichora kile alichokiona kwenye vitabu vya serikali, na katika vitabu hivyo karafuu ilikuwa ndiyo mstari mrefu kuliko yote.

Mstari huo haukuwa wa tangu na tangu. Pemba ilikuwa na miji, dini, biashara na watawala karne nyingi kabla ya kuona mche wa mkarafuu. Pale Tumbe, karibu na Konde, waakiolojia wamefukua kijiji kikubwa cha wakulima, wavuvi na wafanyabiashara kilichostawi kati ya karne ya 7 na ya 10. Mtambwe Mkuu, mkabala na Wete, mwaka 1984 palipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogondogo, zilizopigwa majina ya watawala wa pwani hii yapata karne ya 11. Hizo ndizo alama za dola za kale kabisa zinazojulikana Pemba: jina la mtawala kwenye kipande cha fedha kinachotoshea ukucha, bila mmea wowote juu yake. Baadaye, Wamazrui wa Mombasa walipoishika Pemba, walichokitaka kwake ni nafaka. Mpunga wa Pemba uliilisha Mombasa, na Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Omani na Zanzibar, walipowanyang'anya kisiwa hiki katika miaka ya mwanzo ya 1820, Mombasa ilipoteza ghala lake. Laiti kungekuwa na nembo wakati ule, shuke la mpunga ndilo lingekaa katikati.

Karafuu ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, ikaenezwa kwa amri na mtaji wa Sayyid Said bin Sultan na kwa jasho la watumwa, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897. Pemba yenyewe ilikuwa ya pili. Kilichoipandisha ni kimbunga cha Aprili 1872, kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa kiasi kikubwa imesimama. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar imetoka kisiwa hiki. Chini ya ulinzi wa Waingereza uliotangazwa mwaka 1890, ushuru wa karafuu ulifika robo nzima ya thamani yake, na serikali iliishi kwa ushuru huo. Baada ya Mapinduzi, mwaka 1968, biashara yote ya zao hili iliwekwa mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Watawala walipokezana, falsafa zao zikapingana, na kila mmoja wao alilipa mishahara yake kwa karafuu. Nadhani hapo ndipo penye siri ya alama hii kudumu: Mapinduzi yaliitoa kwenye bendera, lakini hayakuweza kuitoa kwenye bajeti.

Na tazama alama hii imepata nini. Ina shirika la serikali linalonunua kila kilo iliyoletwa kituoni. Ina kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo pale Wawi, kwa hiyo hata kikonyo kilichobaki baada ya kuchambua kina mnunuzi. Ina sheria yake maalumu ya mwaka 2014. Mwaka 2011, bei ya dunia ilipopanda, serikali ilimpandishia mkulima bei hadi shilingi 15,000 kwa kilo, na ikaweka ahadi kwamba mkulima apate takriban asilimia 80 ya bei ya soko la nje. Kwa ahadi hii moja nawapa heshima wote walioipigania. Inamwambia mwenye shamba la Mtambile kwamba sehemu yake inajulikana kabla hajapanda mti, na kwamba soko la Singapore likipanda, naye atapanda nalo.

Sasa njoo ufukweni mwa Kiuyu wakati wa bamvua. Maji yanapokupwa yanarudi nyuma mbali, na uwanja mzima wa mchanga na majani ya bahari unabaki wazi au na maji ya magotini. Humo mna vigingi vilivyopangwa safu kwa safu, kamba kati yake, na kwenye kila kamba vitawi vya mwani vimefungwa kwa vikamba vya taitai, kimoja kimoja, kwa mkono. Wanaofanya kazi hiyo wengi ni wanawake. Kilimo hiki kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989 kwenye pwani ya mashariki ya Unguja kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, kikafika Pemba muda mfupi baadaye, na kwa miaka mingi sasa Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wote wa visiwa hivi. Mbegu hukua kwa majuma sita hivi. Kisha mwani huvunwa, hubebwa kichwani ukiwa umelowa na mzito, huanikwa, na kilo saba au zaidi za mwani mbichi hurudi kuwa kilo moja kavu. Kinachotafutwa ndani yake ni karagini, utomvu unaogandisha maziwa, dawa ya meno, vipodozi na vyakula vingi vya viwandani. Mtu anayepiga mswaki Ulaya ana nafasi nzuri ya kuwa anatumia kitu kilichofungwa na mikono ya pwani kama hii.

Mwani unahesabiwa katika vyanzo vikubwa vya fedha za kigeni vya Zanzibar, nyuma ya utalii na karafuu, na idadi ya watu wanaoutegemea ni zaidi ya 20,000. Hata hivyo bei yake kwa mkulima imekuwa, kwa miaka mingi, mamia ya shilingi kwa kilo, ikipangwa na makampuni machache ya wanunuzi ambayo mara nyingi ndiyo pia yaliyomkopesha mkulima kamba na taitai. Silinganishi kilo ya mwani na kilo ya karafuu. Ni vitu viwili tofauti na dunia inavilipia tofauti. Ninacholinganisha ni fungu. Mkulima wa karafuu anajua fungu lake la bei ya nje. Mkulima wa mwani hakuwahi kuambiwa fungu lake ni ngapi katika kumi. Kazi nyingine za hapa ziko vivyo hivyo, au chini zaidi: kupasua mawe, kuponda kokoto, kuchoma chokaa, kupanda muhogo kwenye mifuko ya udongo kati ya majabali. Nyumba nyingi za mjini zimesimama juu ya jiwe la maweni, na hakuna ofisi inayojua bei ya ndoo ya kokoto Micheweni. Si ajabu kwamba uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2004/05 uliiweka Wilaya ya Micheweni chini kabisa Zanzibar, karibu watu watatu kati ya wanne wakiwa hawamudu mahitaji ya msingi.

Kuna wanaonijibu kwamba nimeikata Kiuyu na karafuu kwa kisu kikali mno. Wanasema msimu ukifika watu wa hapa huenda dago, hulala mashambani kwa wenye mikarafuu, huchuma na kuchambua kwa ujira wa pishi, na fedha hizo ndizo zinazojenga nyumba na kulipia ada za watoto. Ni kweli, na hoja hii ina uzito kuliko zote nilizokutana nazo. Karafuu imewalisha watu wasiokuwa na mkarafuu. Lakini fungu la mchumaji silo lile la asilimia 80. Ahadi ile ni ya mwenye mti. Anayepanda juu, akining'inia kwenye tawi ambalo kila msimu huvunja viuno vya watu, analipwa kwa makubaliano ya shambani, na mwaka ambao mikarafuu imepumzika hakuna cha kumlipa. Kwa hiyo dago halithibitishi kwamba alama ya nchi inaifikia Kiuyu. Linathibitisha kwamba Kiuyu huifuata alama hiyo kwa miguu, miezi michache, kisha hurudi.

Wengine wanatoa onyo la upande wa pili: kuingia katika nembo ni kuingia kifungoni. Wanakumbuka miaka ya 1970 na 1980, ZSTC ikiwa mnunuzi pekee na mkulima akipewa sehemu ndogo ya bei ya nje, mashua zikivuka usiku kupeleka karafuu Kenya, na adhabu za magendo zikiwa kali kwa mtu aliyeuza alichokipanda mwenyewe. Wanauliza kwa nini nimtakie mwanamke wa Kiuyu mlinzi wa namna hiyo. Nalichukulia onyo hili kwa uzito wote, na ndiyo maana sidai mwani uwe na mnunuzi mmoja. Historia ya karafuu ina mambo mawili yaliyofungwa pamoja, ukiritimba na dhamana ya fungu, na uzoefu wa kabla na baada ya 2011 unaonyesha yanaweza kutenganishwa: mnunuzi alibaki yuleyule, fungu lilipobadilika maisha yakabadilika. Mwani unahitaji hilo la pili. Wanunuzi na wawe wengi, ila bei ya nje itangazwe kila msimu kwenye kila shehia, na fungu la chini liandikwe.

Hoja nyepesi zaidi ni ile inayosema mwani hauaminiki. Ni kweli kwamba ile aina yenye bei nzuri, kotonii, imekuwa ikifa kwa joto la maji katika maeneo mengi ya Unguja, na Pemba nako hali si shwari. Lakini karafuu iliaminika lini? Kimbunga kiliiangusha siku moja. Indonesia, iliyokuwa mteja mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ilipanda mikarafuu yake ikajitosheleza, na soko la Zanzibar likaporomoka katika miaka ya 1980. Miti ilizeeka, ukame ukaipiga. Kila mara dola iliivumilia, ikatoa miche, ikatafuta soko jipya. Subira hiyo ya miaka 200 ndiyo iliyoifanya karafuu ionekane imara.

Wanyama wa alama za taifa nao wanasema jambo hilohilo, kwamba alama huwaacha wengine nje, na huku Kiuyu wanalisema kwa sauti. Mnyama wa taifa ni twiga. Sarafu ya shilingi 200 ina sura ya Sheikh Abeid Amani Karume upande mmoja, na upande wa pili simba. Hakuna mtu aliyewahi kumwona simba akitembea Pemba, wala twiga, na sababu yake iko kwenye maji. Unguja iliungana na bara wakati wa enzi za barafu bahari iliposhuka, ndiyo maana ilikuwa na chui wake. Mkondo kati ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita, na kisiwa hiki kimekaa peke yake kwa mamilioni ya miaka. Upweke huo umezaa viumbe wasiopatikana penginepo duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, na popo mkubwa mwekundu anayekula matunda, ambaye wataalamu wamempa jina la Mjerumani Alfred Voeltzkow. Ras Kiuyu, pamoja na Ngezi na Msitu Mkuu, ni katika mabaki ya misitu inayowahifadhi viumbe wa kisiwa hiki.

Habari ya popo huyu naipenda kwa sababu ndani yake mna jibu kwa anayeona kwamba bila nembo hakuna ulinzi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 walikuwa wamebaki elfu chache tu. Waliwindwa kwa nyama na miti yao ilikatwa. Wanakijiji wa Kidike na sehemu nyingine waliunda klabu za kuwalinda, maeneo ya makaburi yenye miti mikubwa yakaachwa yawe makazi yao, na katika miaka ya 2000 hesabu zilipita 20,000. Hakuna sarafu iliyopigwa kwa ajili yake. Kilichofanya kazi ni watu wanaoishi karibu naye kupewa sauti juu ya mti alalao, na faida kidogo kutoka kwa wageni wanaokuja kumtazama. Hilo ndilo ninalolitaka kwa mwani: uamuzi na fungu, kwa walio karibu nao.

Bendera, hata hivyo, imeitendea Kiuyu haki kuliko nembo. Rangi yake ya kwanza ni buluu. Tangu mwaka 2020 Serikali ya Mapinduzi chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi imeifanya rangi hiyo kuwa sera, Uchumi wa Buluu, ikaunda wizara yenye jina hilo, ikaanzisha kampuni ya serikali ya mwani na kuanza kujenga kiwanda cha kuuchakata Chamanangwe, hapahapa kaskazini mwa Pemba. Ni hatua kubwa, na ni mara ya kwanza kazi ya bahari ya wanawake hawa kutajwa katika sera kwa uzito uliokuwa wa karafuu peke yake. Lakini Micheweni imewahi kuahidiwa. Zaidi ya hekta 800 za wilaya hii zilitengwa kuwa eneo huru la uchumi tangu miaka ya 1990, na kwa miaka mingi zilibaki vichaka na mawe. Kiwanda nacho kinaweza kuwa mnunuzi mmoja mpya anayepanga bei peke yake, yaani ule upande mbaya wa historia ya karafuu bila upande wake mzuri.

Kwa hiyo jambo la kudai sasa ni dogo na lina sura ya kisheria. Kabla kiwanda cha Chamanangwe hakijawa mnunuzi mkuu wa Pemba, Baraza la Wawakilishi liandike kwa mwani kile kilichowekwa kwa karafuu: fungu la mkulima kama asilimia ya bei ya nje, bei hiyo ibandikwe kwa masheha mwanzo wa kila msimu, mizani ya wanunuzi ikaguliwe, na mkopo wa kamba na taitai usimfunge mtu kuuza kwa aliyemkopesha. Mchumaji wa karafuu anayetoka Kiuyu kwenda dago naye aingizwe katika sheria ya zao analolichuma, angalau kwa ujira wa chini wa pishi na fidia akianguka mtini. Asilimia yenyewe inaweza kujadiliwa. Mimi ningeanza na 80, kwa kuwa serikali imekwisha kukubali kwamba Mpemba mwenye mti anaistahili, na sioni sababu ya Mpemba mwenye kamba kupewa chini ya hapo.